Ganda Limeganda

Kwa mujibu wa mashine, mlimani Kibwara hapakuwa na askari hata mmoja aliyelalamika juu ya risasi zetu. Kila asubuhi mashine hiyo, Msikivu kwa jina, alituandikia muhtasari wake kwenye ukuta wa kioo pale kiwandani: uji umefika umepoa, buti zinabana, betri za redio zinaisha upesi. Kuhusu risasi, shwari. Tena zaidi ya shwari, kwa sababu askari walikuwa wakiomba waongezewe. Wenzangu walipeana mikono na mkuu wa kiwanda akaagiza soda. Mimi niliyelibuni ganda lenyewe nilipaswa kufurahi kuliko wote, na nilijaribu, lakini soda niliiacha mezani.

Hatibu alikuwa kimya. Hatibu ni mdogo wangu, koplo katika kikosi kilichoshika upande wa kulia wa mlima, na ni mtu ambaye hawezi kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Tangu vita na wale askari wa kukodi vianze, hakukosa kunipenyezea salamu kupitia mtu yeyote aliyekuwa na redio. Sasa siku zilipita na sikusikia hata kikohozi chake.

Nikaenda kwa Sajini Mbonea, mama wa Kipare aliyesimamia chumba cha redio, nikamwomba anitafutie sauti ya ndugu yangu katika yale yaliyonaswa. Haikuruhusiwa. Maneno yote ya mlimani yalikwenda kwa Msikivu, Msikivu akayageuza maandishi, akayapanga, akatuletea yaliyo muhimu. Hakuna binadamu mwenye muda wa kusikiliza jeshi zima likizungumza. Mbonea alinitazama usoni, akaona nilivyokuwa, akanipa vile vipokea sauti vya masikioni akageukia dirishani kama mtu anayetazama mvua, na mvua haikuwapo.

Kwanza nilisikia milio ya risasi, kisha Hatibu akihema.

"Ganda limeganda," alisema. "Nasema ganda limeganda. Ganda limeganda tena."

Nilifurahi kwanza, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa hai. Furaha ile haikumaliza hata pumzi moja. Nikatazama kioo cha Mbonea nione Msikivu alivyoyaandika maneno yale, nikakuta ameandika: *Ganda. Ganda. Ganda.* Pembeni yake akaweka alama ya ombi la vifaa.

Msikivu alifundishwa Kiswahili na watu waliokisoma kwenye vitabu. Aliposikia jina na tendo vinafanana hivyo, aliona askari ana kigugumizi, akamsahihisha. Ndugu yangu alikuwa akisema kwamba ganda la risasi limenata ndani ya bunduki halitoki, na mashine ikasikia mtu anayeomba maganda. Sisi tukawa tunamtimizia ombi lake. Tulikuwa tumempelekea masanduku mapya juzi tu.

*

Lugha yetu nayo ni bahili. Ganda, kuganda, kugandamiza, kazi yangu yote ya miaka hii imo katika mzizi mmoja. Ganda ni lile kopo dogo linalobeba baruti, na risasi yenyewe huchomekwa mdomoni mwake. Baruti ikilipuka, ganda hutanuka likaziba chemba ya bunduki ili nguvu yote iende mbele, kisha hunywea likatoka. Shaba ilifanya kazi hiyo kwa karne nzima. Lakini wale wa kukodi walikuja na fulana ambazo risasi ya kawaida ilizigonga ikaanguka kama kokoto, na ili kuzitoboa tulihitaji mgandamizo ambao shaba haiuwezi. Ukiilazimisha, inapasuka usoni pa mtu.

Mimi nikatengeneza ganda la nyuzi za mkonge zilizopikwa ndani ya utomvu wa maabara. Lilivumilia mgandamizo ule, likatanuka na kunywea kama pafu, na lilikuwa jepesi hata askari akaweza kubeba mara mbili ya alichobeba mwanzo. Magazeti yaliliita ganda hai. Mama yangu kule Wete alisema ingefaa nitengeneze sufuria.

Siku ile, nilipotoka kwa Mbonea, niliifunga bunduki kwenye jiliwa, kibano cha chuma cha maabara, nikajificha nyuma ya kioo kinene, nikaifyatua kwa kamba. Magazini ya kwanza ikaisha salama. Ya pili vilevile. Sikusubiri, nikapachika ya tatu mkono ukiungua, na katikati yake bunduki ikanyamaza. Nilipoifungua, ganda lilikuwa ndani, limevimba, limeng'ang'ania chemba kama kupe, na kile kikucha cha kulivuta nje kilikuwa kimelichana ukingo. Nililitoa kwa fimbo na nyundo. Utomvu ulikuwa umelegea kwa joto ukakataa kunywea.

Nikakaa chini sakafuni. Tuliyajaribu maganda yale uwanjani wakati wa kiangazi, jua la kupasua mawe, na hakuna lililonata. Nilijiuliza tulikosea wapi, kisha nikaisikia kichwani ile filimbi.

Kila aliyepita jeshini anaijua. Askari akimaliza magazini kwenye uwanja wa shabaha, filimbi inapulizwa, wote wanaweka bunduki chini, wanainama kuokota maganda. Likipotea moja, hakuna kula. Desturi hiyo ni ya enzi za shaba, iliyouzwa ikayeyushwa tena, lakini nani angethubutu kuifuta? Tuliendelea nayo hata kwenye majaribio ya ganda la mkonge lisilouzika popote. Wakati watu wanaokota na kutaniana, bunduki zilikuwa zinapoa. Wale walio mlimani hawakuwa na wa kuwapulizia filimbi.

*

Kanali Rwegoshora, aliyekuwa mkuu wa usalama wa kiwanda, ni mtu wa Bukoba, mpole wa sauti, na hupenda kusikiliza akiwa amefumba macho. Nilimweleza yote. Nilimwomba mlima mzima uambiwe leo hii kwamba bunduki ikipata moto itafungwa, basi wapige magazini moja, wapumzike, wapokezane.

Alipofumbua macho aliniuliza tutawaambia kwa njia gani. Nikasema kwa redio. Akaniuliza nani mwingine anasikiliza redio. Sote tulijua kwamba wale wa kukodi wanayo mashine kama yetu, wameinunua duka lilelile, inayotega sikio kwa kila neno letu na kuwatafsiria. Mafumbo yetu ya kijeshi ilikuwa imeshayafungua.

"Watashambulia kesho, Injinia," alisema. "Wakijua bunduki zetu zinakufa zikipata moto, hawatahitaji ujanja. Watarusha droni tupu ziwachokoze vijana wapige, wapige, halafu ndio waje wenyewe. Utakuwa umewaua kwa ulimi."

"Na nisiposema, nitakuwa nimewaua kwa ganda."

"Usiposema, wanaweza kupona. Magari yenye shaba ya zamani yapo njiani. Na askari anayeishuku bunduki yake, huyo ameshakufa kabla ya risasi." Kisha akaniambia, kwa upole uleule, kwamba kuanzia saa ile habari hiyo ni siri ya vita, na adhabu ya kuitoa naijua.

Sikumchukia. Ingekuwa rahisi kumchukia. Alikuwa na haki kama niliyokuwa nayo mimi, na hapo ndipo hofu iliponikamata vizuri, maana ukiona mwenzio amekosea kabisa unalala. Nilitoka pale. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wazee, na janga hili nililichuma maabara kwa mikono yangu, nikalifunga kwenye masanduku, nikampelekea ndugu yangu ale.

*

Kila asubuhi mwanamke mmoja wa kiwanda, aliyepangwa na Mbonea, alisoma Neno la Kiwanda bila kutaja jina, na kesho yake zamu ilikuwa yangu. Ni ushauri mfupi kwa askari wote kupitia redio: wekeni masanduku kivulini, msiyakalie, msiyamwagie maji. Msikivu alilinda kinasa sauti. Nikitamka ganda, moto, kuganda, kasoro, au neno lolote la ukoo wao, angenikata kabla silabi haijakauka. Nyimbo aliziachia zipite, kwa amri ya wakubwa, kwa kuwa zinawachangamsha vijana. Juu ya nyimbo aliandika *wimbo* akaenda zake.

Wakati wa utoto, mimi na Hatibu, kama watoto wengi wa pwani, tulizungumza kinyume ili mama asitufahamu. Unaitoa silabi ya mwisho ya neno unaileta mbele. Ganda linakuwa ndaga. Moto unakuwa tomo. Piga inakuwa gapi, na bunduki inakuwa kibundu, jambo lililomchekesha Hatibu hadi akaanguka mkekani. Tuliweza kupanga wizi wa embe mbele ya wenye embe. Kilichotuponza ni kwamba yapo maneno yasiyogeuka. Mama, baba, kaka, dada, hata uyapindue vipi yanabaki yaleyale. Hatibu angetoa siri nzima kwa kinyume safi, halafu katikati yake likasimama neno "dada" uchi wa mnyama. Mama alilisikia hilo moja tu, na viboko vilianza nami.

Asubuhi ile Mbonea alinipa ishara. Nikasoma ushauri wa kivuli na maji, nikasema sasa nawaimbia kidogo. Nikaimba kwa sauti ya kubembelezea watoto:

"Kibundu ya tomo, ndaga ndalinaga. Gapi, taoko ndaga, gapi. Gapi, taoko ndaga, gapi."

Bunduki ya moto, ganda linaganda. Piga, okota ganda, piga. Nilitaka wakumbuke filimbi. Nilitaka wainame na wapumue kama walivyofanya uwanjani. Niliimba nikihofu, maana upande wa pili wa mlima ilitosha kuwapo mpishi mmoja wa pwani, dereva mmoja aliyekodiwa Tanga, akamwambia bwana wake yule mwanamke haimbi. Neno moja likifika huko, nimemuua Hatibu na kila aliye naye.

Nikaimba mara ya pili. Kwenye kioo Msikivu aliandika *wimbo*.

Nilipoweka kinasa sauti chini, Mbonea alikuwa akitabasamu. "Dada Salha," alisema, "hicho ni Kipemba? Mimi sikuambulia hata neno."

Nikamjibu ni cha kulazia watoto. Na nilishukuru, nakumbuka vizuri nilivyoshukuru, kwamba yeye, msemaji wa Kiswahili kama mimi, mwenye masikio mazima, alikaa karibu yangu asielewe kitu. Nilijiambia, kama Mbonea hakuelewa, ni salama.

*

Siku ile hatukufanya kazi. Watu walishika vifaa na kuviweka chini. Redio ya mlimani ilifungiwa kwa wakubwa tu, na sisi tukabaki kutazama nyuso za waliokuwa wakiingia na kutoka kwa Kanali. Mlinzi wa getini alidai ameota mlima umeanguka, tukamfokea sote. Nilijaribu kuswali Adhuhuri, nikajikuta nimesimama rakaa moja ndefu nikihesabu magazini.

Alasiri wakaja askari wawili, wakamchukua Sajini Mbonea. Alipita mbele yangu akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Hakunisema. Alinitazama tu, kwa mshangao zaidi kuliko hasira, kama mtu aliyekaribishwa chakula akakuta jiwe. Nikavua koti la maabara, nikamfuata.

Kanali alikuwa peke yake chumbani. Aliniashiria nikae, na kabla sijafungua mdomo alibonyeza kitufe, sauti za mlimani zikajaa chumbani.

Mlio wa risasi ulikuja, ukakoma. Kimya. Ukaja tena, ukakoma. Nilijua bila kuambiwa kwamba nasikia mtu akipiga, akitulia, mwenzake akipokea. Katikati ya vimya vile vijana walikuwa wanaimba, makoo yamekauka, wengine wanacheka kwa woga: gapi, taoko ndaga, gapi. Machozi yalinitoka nisiyazuie. Kisha ikaja sauti moja, imepauka kwa moshi, lakini ningeitambua hata kaburini.

"Dada, atumesiki. Dada. Dada, atumesiki."

Tumesikia. Hatibu alikuwa amesikia.

Kanali alizima. Akaniambia upande wa kulia wa mlima umesimama imara, na adui hakugundua kitu. Mashine yao imedanganyika kama yetu. Nikataka kusema alhamdulillahi, ila sauti yake haikuwa ya mtu mwenye habari njema.

Akabonyeza kitufe kingine. Hapa risasi zililia mfululizo, nyingi, za vijana waliojaa moyo, bila kituo. Hakuna aliyeimba. Halafu zikaanza kupungua, moja moja, kama mvua inayokatika kwenye bati. Mtu akapiga kelele kwamba haitoki. Mwingine akaitikia kwa lugha nisiyoijua, Kinyaturu labda, au Kiha, nikaelewa anamwita mama yake. Baadaye zikabaki bunduki za wale wengine tu.

"Upande wa kushoto ni kikosi cha vijana wa bara," alisema Kanali. "Singida, Kibondo, Sumbawanga. Mmoja aliyepona tumemuuliza kama hawakusikia Neno la Kiwanda. Amesema walisikia. Ulikuwa wimbo mzuri, waliupenda, hata wakajaribu kuufuatisha."

Sikuwa na pa kuyaweka macho. Kinyume ni mchezo wetu, wa vibarazani kwetu pwani. Nilikuwa nimempigia hesabu adui mzima, mpishi wake na dereva wake, na sikuwapigia hesabu walio wangu. Mbonea aliniambia kwa mdomo wake kwamba hakuambulia neno, nami nikashukuru.

"Mimi nilikukataza kusema kwa lugha ya wazi," alisema Kanali, akiwa amefumba macho. "Hilo nitalijibu mwenyewe nikiulizwa. Lakini kuna mtu alisema kwa lugha ya siri, na Sajini Mbonea anaapa kwamba hajui alikuwa nani wala alisema nini. Amekaa pale anaapa tu. Mashine imeshindwa wimbo wote, imeshika neno moja katika jibu lile la mlimani. Dada."

Akafumbua macho akanitazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza.

"Wanawake humu kiwandani ni wengi, na kila mmoja ana ndugu pale mlimani, kulia au kushoto. Nataka kujua huyu ni dada wa nani."

Mbonea alikuwa chumba cha pili, nilikuwa namsikia akikohoa. Nikasimama, kwa kuwa jambo hilo halisemwi mtu amekaa.

"Ni mimi, Afande," nikasema. "Na nilikuwa dada wa mmoja tu."